Nguzo ya Kati

Jumatatu, 6 Oktoba
Kufuta meza ya kuchorea, kuchonga penseli, kumsubiri mwalimu. Kama kila Jumatatu. Leo amerudisha michoro ya muhula uliopita, kanisa lenye roshani ya kwaya. Nimepata thelathini na moja kwa mia. Nilitoa nguzo ya kati ili watu wa nyuma waone madhabahu. Ameandika kwa wino mwekundu: "Hapa nani amebeba?" Darasa zima limecheka. Na mimi nimecheka, kijinga.

Jumatano, 8 Oktoba
Baba amepiga simu kutoka Kibondo. Furaha tele. Kanisani kwetu wamejenga roshani ya kwaya, Jumapili wanaifungua. Kwa ramani yangu! Ileile. Nilimtumia picha kabla haijasahihishwa, kwa majivuno tu. Akaichapisha stationery, akampa fundi. Likizo nilibaki Kasulu kwenye mafunzo ya kazi, sikuona kitu. Alitaka iwe zawadi. Nimeshindwa kumwambia. Sijala.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemweleza mwalimu. Hakucheka. Ameuliza kwaya ina watu wangapi. Arobaini. Amesema niende nyumbani kesho, gari la kwanza.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kibondo. Boriti imeinama katikati, inaonekana kwa macho. Chini yake kuna ufa. Fundi ameupaka chokaa. Nimewaonyesha baba na mzee wa kanisa ule wino mwekundu, nikawaambia roshani isipandwe mpaka nguzo irudi. Mzee kanipigapiga begani. "Binti yangu, huyo mwalimu wako hajaliona zege letu." Baba kageuka kupanga mabenchi. Ameshajisifu mji mzima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo je? Naogopa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mama anaimba sauti ya pili. Nimemsihi abaki chini. Aliendelea kupiga pasi sare.
"Mwana wanje, mwanangu, nikibaki chini watasema mchoraji hata mama yake hamwamini."
Nilijiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Nimelia chooni.

Jumapili, 12 Oktoba
Asubuhi niliomba nafasi ya kusema. Nikaambiwa baada ya ibada. Wakapanda, wote arobaini. Mimi nilisimama chini ya boriti, sijui kwa nini, labda nilitaka inianze mimi. Nyimbo tatu. Mara mbili chokaa ilinidondokea begani.

Haikuanguka. Wameshuka wote, mama akicheka. Kwenye chai wamenitania: injinia mwoga. Nikaanza tena habari ya ufa, mzee akanipa andazi.

Jioni imetulia. Nimekaa uani na baba, tunapukuchua maharage. Ananisemesha kwa upole, hana kinyongo. Anasema wale wageni wa leo, wa kanisa moja njia ya Kabanga, wameipenda sana roshani. Kwao kwaya ina watu themanini. Ameshawapa ramani.