Tiketi Moja Isiyo na Kodi

Leimatuʻa, Vavaʻu
4 Machi 2002

Mwanangu Feleti,

Pokea salamu za mama yako. U mzima? Miguu bado inakuvimba kwa kusimama kutwa mizabibuni? Mimi sijambo, kiuno tu. Paa tumelirudisha baada ya kile kimbunga, ila simu ya dukani bado imekufa, ndiyo maana nakuandikia.

Baba yako ni mzima wa mdomo tu. Ini limeharibika. Daktari aliniita pembeni akaniambia nisihangaike tena kumpeleka hospitali, nimpikie anachokipenda. Maana yake unaijua.

Sasa nisikilize. Juzi kaniambia, "Yule kijana wako akija, nitamsikiliza." Miaka sita hajakutaja, leo kakutaja! Nikamwambia, mbona mtoto alishaandika kuomba radhi? Akanijibu, "Tulikaa duara tunakunywa kava, akasimama mbele ya wanaume wote wa kijiji akasema mimi si baba yake. Alisema kwa mdomo. Afute kwa mdomo." Unamjua Semisi akishakaza shingo. Njoo, mwanangu. Mimi nimechoka kuishi katikati yenu.

Mama yako,
Kalolaine

*

Mildura
16 Machi 2002

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni mikono tu imechanika kwa mikasi ya zabibu. Barua yako nimeisoma nikaenda kujificha nyuma ya trekta nikalia.

Nakuja. Mavuno yanakwisha katikati ya Aprili, na nikiondoka kabla ya hapo hawanichukui tena. Nimeshakata tiketi ya Alhamisi tarehe 18 Aprili. Nitafika kwetu Ijumaa.

Nikuchekeshe kidogo. Huku kuna kodi inaitwa ya bidhaa na huduma. Ukinunua shati, ukinyoa nywele, unaongeza sehemu moja ya kumi. Tiketi za ndege za ndani ya nchi nazo zimo. Za kwenda ng'ambo hazimo. Nilitaka kununua ya kutoka hapa hadi Melbourne peke yake, na ya kuja kwetu peke yake. Mama mmoja anayeuza tiketi akanicheka: "Unaipenda sana serikali? Ziunganishe! Safari ya ndani ikiwa kipande cha safari ya ng'ambo, kwenye tiketi moja, haina kodi." Nikaunganisha. Nimeokoa dola kumi na nane, nimemnunulia baba sweta ya sufu.

Maneno yangu nayafanyia mazoezi mizabibuni kila siku. Wenzangu wanadhani nimechizika. Mwambie anisubiri.

Mwanao,
Feleti

*

Leimatuʻa
2 Aprili 2002

Feleti wangu,

Salamu nyingi. Natumaini mikono imepona, paka mafuta ya nazi, acha uvivu. Mimi nakula na nalala.

Ala! Serikali inatoza hadi kinyozi? Nilimsomea baba yako pale pa tiketi. Kanirudisha nisome tena, halafu akasema, "Hapo katumia akili." Feleti, sifa hiyo hajakupa tangu nikuzae!

Lakini sikufichi. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji. Kila asubuhi swali lake la kwanza ni leo tarehe ngapi. Anataka tumbebe na godoro lake mpaka uwanja wa ndege akakupokee. Nilipombishia alinifukuza chumbani.

Neno jingine. Ukoo wote utakuwepo, na mke wa mchungaji ameshauliza unaleta nini. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Leta nyama ya kopo, mablanketi, na kitambaa cheusi, Mungu anisamehe. Usinitie aibu mbele za watu baada ya miaka sita.

Mama yako

*

Uwanja wa ndege, Melbourne
18 Aprili 2002

Mama,

Nisamehe sikusalimii vizuri. Naandika juu ya boksi na Losaline ananisubiri, yule dada wa mke wa mchungaji. Yeye na wenzake wanane wa kanisani wanapanda ndege yangu. Mimi sipandi.

Ndege ya kutoka Mildura ni ndogo, haichukui mizigo mingi, na mimi nina maboksi sita. Binamu Paula akaniambia, "Achana na kale kandege, gari langu linakwenda Melbourne, pakia." Nikaona sawa. Kipande kile nimeshakilipia, nisipokitumia hasara ni yangu. Nilifika hapa kabla ya watu wote.

Binti wa kaunta akaangalia, akaangalia tena. "Hukupanda ndege ya Mildura."

"Nimekuja kwa gari, dada."

"Basi imefutika yote. Hii ni tiketi moja. Ukikosa kipande cha kwanza, vinavyofuata vinajifuta."

Nilimwambia baba yangu anakufa. Nilipiga magoti, mama, mtu mzima mimi, foleni nzima inanitazama. Bosi wake akaja. Kiti changu alishapewa mtu aliyekuwa akingoja. Ningenunua tiketi mbili mbali mbali, nikalipa ile kodi, ningekosa kale kandege tu, na hii ningepanda. Mjinga mimi!

Nafasi nyingine ni tarehe tisa Mei. Kanisa wamesema watanichangia. Akina Losaline wamegawana maboksi yangu, yote sita yanakuja.

Msomee baba hapa: Baba, wewe ni baba yangu, sina mwingine. Nilisema kwa hasira na nimejuta kila siku. Najua ulitaka kwa mdomo. Nisubiri mpaka tarehe tisa, nakuomba.

Wanaitwa.

Mwanao,
Feleti

*

Leimatuʻa
26 Aprili 2002

Mwanangu Feleti,

Salamu. Kama unakula sijui, jitahidi ule. Mimi nipo.

Tulimpeleka uwanjani Ijumaa, kalala nyuma ya pikapu, kanyolewa ndevu, kafungwa kiunoni mkeka wake mzuri wa heshima. Akawa anawatazama wanaoshuka mmoja mmoja. "Siye. Huyo naye siye." Walipokwisha, yakaja maboksi sita yenye jina lako. Losaline akanipa barua huku analia.

Nilimsomea palepale. Nilipofika kwenye maneno yako ya kuomba radhi akainua mkono. "Hayo usinisomee. Hayo ni yake." Akaniambia nirudi pale pa kodi, nikarudi. "Ilikuwa kiasi gani?" Nikamwambia dola kumi na nane. Akaitazama ndege, kisha akasema, "Nirudisheni nyumbani."

Alifariki Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Tulimzika Jumanne. Nyama yako ya kopo ililisha waombolezaji siku zote, mablanketi tuliwapa wakubwa wa ukoo, na kitambaa ndicho nilichovaa. Watu wakasema, "Feleti kaleta, mtoto mwema." Nilitamani dunia inimeze. Ni mimi niliyeagiza vile vitu. Hakuna aliyekuwa akifa kwa kukosa blanketi. Ukimtafuta wa kumlaumu, mimi nipo hapa.

Tarehe tisa usije, ila ukitaka kuona kaburi. Waambie wa kanisa wasichange.

Kabla ya maziko mchungaji aliniuliza kama mzee amekusamehe, apate kuwatangazia watu. Nikamwambia ndiyo. Akatangaza, wote wakaitika amina, shangazi zako wakalia kwa furaha. Ukikutana na mtu wa kwetu atakuambia hivyo hivyo. Lakini wewe nimekuzaa, siwezi kukuandikia uongo. Kuanzia Ijumaa ile mpaka Jumapili sikutoka pembeni yake, nimeushika mkono wake, nikimngoja aseme hata neno moja nikuletee. Hakusema.

Mama yako,
Kalolaine