Shikamoo ya Mwandishi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Tumefungiwa ndani kwa korona, kwa hiyo bahari iliyo kwenye picha ya kadi hii sijaiona. Nasikia ipo.

Mimi niko Rooty Hill, kitongoji cha huku ughaibuni, kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, barakoa usoni tangu asubuhi. Namhudumia mwandishi mmoja mweusi wa visiwa vya Karibi, ana miaka themanini na mbili. Riwaya zake sita zote ni za watu waliovushwa bahari wakapoteza lugha yao. Wageni wamekatazwa, basi kutwa tuko wawili, namfundisha Kiswahili. Ameshika neno moja. Kila nikiingia ananiamkia, "Shikamoo."

Nikamwambia, "Mama, mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa."

Akasema, "Najua. Nimeandika vitabu sita kuwaamkia wakubwa wa huko kwenu. Hakuna aliyeitikia."

Nikaitikia mimi, Mungu anisamehe. Lakini wewe una miaka tisini, Bibi, ndiye saizi yake. Kunywa tangawizi, tunza kifua. Jumapili nikikupigia nitampa simu. Atasema neno moja tu. Usicheke, mwitikie.

Mjukuu wako,
Neema