Ami, Radhi Zako za Uwanja wa Ndege

Ami yangu,

Shikamoo. Najua sitosikia marahaba, lakini wewe ndiye uliyenifunza kumwamkia mkubwa kabla ya neno lolote, na sitaki useme kwamba Ulaya imenipotezea adabu. Nakuandikia hapa hapa mjini kwetu Ibra, kwenye majlisi yako ulipokuwa ukipokea wageni. Msimu uliopita ulikuwa wangu wa mwisho wa kushindana kwenye theluji. Mabega yamechoka, Ami. Wenzangu wameniaga kwa maneno matamu, wakanishukuru, na kila nikiyasoma naona shukurani zimekosea nyumba. Ni zako.

Tulikuwa tunarudi kutoka harusini kule Aija, wewe kwenye usukani, mimi pembeni yako, bado msichana wa skuli. Ngamia akakatisha njia ghafla. Wewe ulitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Mimi miguu yangu haikuamka tena. Nyumba ikajaa watu wa pole, kahawa haikauki, na kila anayeingia ananitazama na kusema, "Maskini, mtoto wa kike." Wewe ulikaa pembeni, hukugusa hata kikombe. Hapana aliyekulaumu. Ulijilaumu mwenyewe kwa niaba ya ukoo mzima.

Lakini hukuniacha nikae ndani. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alipotwambia kwamba huko Emirates kuna jengo lenye theluji ndani yake, na kwamba watu kama mimi huteleza wakiwa wamekaa, baba alicheka. Wewe uliuliza, "Wanafungua saa ngapi?" Tukavuka mpaka kwa gari, wewe na kanzu yako na ndara zako, na chupa ya kahawa na halua kitini nyuma. "Baridi gani hiyo? Mimi nishapigwa na mvua ya mawe juu ya mlima Jabal Akhdar," ukatamba njia nzima. Ndani hukumaliza hata dakika chache. Walikuvalisha koti la kuazima, la waridi, lililokufika kiunoni, na meno yako yakigongana hata bismillahi haitoki vizuri.

Mimi walinifunga kwenye kiti kilichoshikizwa juu ya ubao mmoja mrefu, na mikononi wakanipa fimbo fupi zenye vibao vidogo nchani. Nikaanguka. Nikainuliwa, nikaanguka tena. Halafu nikateleza, kidogo tu, upepo ukanipiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikawa nakwenda pahala bila ya mkono wa mtu mgongoni. Niligeuka kukutafuta. Ulikuwa umejifunika uso kwa mikono ya lile koti la waridi.

Emirates ni mbali, na ramli za Sharqiyah, vilima vya mchanga mtupu, zipo hapa mlangoni. Ukasema, "Kuteleza ni kuteleza, wallahi, mchanga na theluji ni ndugu." Ukanitafutia kiti na ubao wangu mwenyewe, ukaupaka mafuta ya nazi ya Bi Zuwena, mkeo, ya kupakia nywele, chupa nzima, kwa kuwa huko Unguja mlikozaliwa wewe na baba kila kinachokwama hupakwa mafuta ya nazi. Ubao haukwenda hata pima moja. Ulitoka umeganda mchanga kama mkate wa ufuta, na Bi Zuwena hakusema na wewe mpaka Ijumaa. Hatukurudia mafuta, lakini kule ramlini tulirudi kila tulipopata nafasi, na kukaa wima kwenye mteremko nilijifunzia huko.

Sikuwa bingwa, tusidanganyane. Nilipata medali moja ya shaba, na mara nyingi nilikuwa miongoni mwa wa mwisho. Lakini nilishindana miaka mingi, kwenye milima ambayo majina yake ulikuwa unayatamka utakavyo.

Kila safari ulinipeleka uwanja wa ndege wewe. Ada yetu ni kuwa msafiri huwaomba radhi wanaobaki, maana nani ajuaye kama wataonana tena. Wewe uligeuza. Mkubwa mzima, unainama kwenye kiti changu cha magurudumu mbele za watu na kusema, "Nisamehe, mwanangu." Nami nakujibu, "Nimekusamehe, Ami, duniani na akhera." Nilikuwa namaanisha. Safari ijayo unaomba tena, kama kwamba sikusema kitu. Iliniuma. Siku moja nilikuja juu: "Ami, mara ngapi nikusamehe? Khalas!" Mama akanivuta sikio kwenye simu jioni ile: "Mwache aombe. Hajakusikia bado."

Ndipo safari moja nikakuchukua Ulaya mashindanoni. Ukaja ukasimama chini ya mlima wa kweli, safari hii na koti lako mwenyewe, ukaniona ninashuka, na katikati ya njia ukaniona nikipinduka. Watu wote waliguta. Nilichelea utakimbilia juu na viatu vyako vya mjini. Hukukimbia. Ulisimama ukangoja, nikajisukuma kwa mikono mpaka nikakaa sawa, nikamaliza. Nilikuwa wa mwisho kabisa, na wewe unawapigia kelele Wazungu kwa Kiswahili: "Wangu huyo! Mtoto wa kaka yangu huyo!"

Safari iliyofuata, uwanja wa ndege, nilikungoja useme. Ulinitengeneza mtandio tu ukasema, "Yallah, ya binti, usichelewe." Nililia mpaka kwenye ndege, kwa furaha.

Ulipofariki nilikuwa huko huko milimani, na ukazikwa kabla sijapata ndege. Niliporudi, Bi Zuwena alinitazama kwa woga, kama mwenye habari asiyotaka kuitoa. Akanambia kwamba siku zako za mwisho uliwaomba radhi watu wote, jina moja moja: yeye, watoto, majirani, hata yule muuza samaki mliyegombana naye Sur. "Wewe hakukutaja, mwanangu," akasema, akainamisha kichwa. "Nilimkumbusha. Akasema huyo hana haja ya kumwomba kitu."

Alidhani nitaumia. Nilimbusu kichwa, Ami, na mikono, na akaniona nacheka na machozi yananitoka. Ulinisikia.

Mola akupe nuru na nafasi huko uliko.

Wako,
Mtoto wa kaka yako