Mpira wa Shemeji Idrisa

Al Mansoura, Doha
Ijumaa mchana

Mke wangu Mwanaidi,

Salamu hizi zikukute mzima, umeshiba, na unacheka. Mimi nipo salama, joto tu ndilo linalonionea. Kila nikiandika "mke wangu" nasimamisha kalamu nitabasamu kwanza. Wenzangu chumbani wananiita Bwana Harusi mpaka leo: "Bwana Harusi, chai imechemka!" Nawaacha, kwani uongo? Mama anaendeleaje na goti lake? Na wewe unakula, mpenzi, au unashindia chai?

Sasa la mdogo wako. Najua Idrisa hapati usingizi, maana ameshatangaza kwamba bosi wangu, Mzee Tanaka, akilipeleka jina lake kwa timu za besiboli Japani, anaacha chuo mwaka huu huu. Na kabakiza mwaka mmoja!

Jumanne, Mzee Tanaka alipotoka kwenye kikao chake Lusail, nilimpa simu aone ile video ya Idrisa akirusha mipira. Nilishakwambia, zamani kwao alizunguka vyuo miaka mingi akiwapima warushaji wa besiboli, timu zilipotaka kuchagua vijana wapya. Lakini jamani, Mwanaidi! Kumbe ulimpelekea yule kijana aliyetupiga video ya harusi airembeshe? Idrisa anaingia uwanjani polepole kama bibi harusi, mpira unatoka mkononi polepole, kinanda kinalia, maua ya waridi yanadondoka. Mzee akatazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Hamisi, huyu anaoa?"

Nilicheka mpaka nikashindwa kuwasha gari. Akasema, "Niletee ile mbichi. Na mipira mibaya nataka. Mizuri kila mtu anayo."

Ukaituma siku ile ile bila kuuliza maswali. Nilikupenda upya, wallahi.

Jana tuliitazama garini, chini ya jengo lake kule Pearl. Mzee alihamia kiti cha mbele, kando yangu, karatasi gotini. Kwa wapigaji wawili wa kwanza alikaa wima. "Mkono huu haufundishwi," alisema. "Mtu anazaliwa nao." Nikamwona Mama tayari anapokea pongezi za majirani.

Akaja mpigaji wa tatu. Mpira mmoja ukapiga chini, mwingine ukampita mdakaji juu ya kichwa. Mzee akairudisha video nyuma. "Tazama mguu wake wa mbele. Akichoka unatua pembeni, mkono unabaki peke yake. Na mpira wa polepole, wa kumdanganya mpigaji, anao?"

"Sijui, Mzee."

"Hana. Anaingizwa mwisho wa mchezo, anatisha watu kwa kasi, mchezo unaisha. Kule hawatatishika."

Kisha akafunga kalamu, akanigeukia. "Nikiandika jina lake, watamwita kwenye majaribio. Kwa kasi hiyo lazima wamwite. Halafu watamrudisha nyumbani. Chuo kitamsubiri? Wewe ndiye shemeji yake. Niandike?"

Mwanaidi, nilizima video. Nilikuona wewe siku ile unanisindikiza, unaniambia Idrisa ndiye tumaini la nyumba yenu. Hili ndilo jambo la kwanza wakwe kuniomba, na hina yako labda haijafutika vizuri. Kusema ndiyo kulikuwa kwepesi mno. Ningependwa na kila mtu.

Nikamwambia, "Usiandike mwaka huu, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa tu, akashuka. Alipofika mlangoni akarudi, akasema Idrisa aurekebishe ule mguu, ajifunze mpira wa polepole, amalize chuo, kisha atume video nyingine, mbichi. Ataitazama. Hakuahidi zaidi ya hapo, nami siongezi.

Nakuomba jambo moja, kipenzi changu. Usimwambie Idrisa kwamba Mjapani amemkataa. Si kweli. Mzee alikuwa tayari kuandika. Aliyesema hapana ni mimi. Nawe ukitaka kuninunia, ninunie, lakini uniambie, nisikie sauti yako.

Mpe Mama shikamoo yangu, na Mjomba Salehe aliyesimamia ndoa yetu, na Shangazi Zuhura aliyepika pilau ambalo huku bado nawasimulia watu. Na Idrisa msalimie, ikiwa ataipokea salamu yangu. Asipoipokea leo, itunze wewe mpaka aitake.

Mumeo anayekuota mchana kweupe,
Hamisi