Karanga Iliyomtukanisha Bibi

Mpendwa binti yangu Riziki,

Mtoto mchanga akivimba midomo baada ya kula, wengi hukosea hapo hapo: wanatafuta mtu aliyemdhuru kabla ya kutafuta chakula kilichomdhuru. Nyumba yetu nayo ilikosea, na leo naweza kulisema nikicheka.

Unakumbuka Wilondja wako alivyoanza uji? Mama mkwe wako alileta unga wa ndagala, kama ilivyo desturi ya hapa Baraka, mtoto wa ziwani aonjeshwe samaki mapema. Kibakuli hakijaisha, vipele vikubwa vikamtoka shingoni, midomo ikavimba, akatapika. Ulisema ni meno. Ilipotokea tena, na tena kwa mkono wa bibi yake, majirani wakasema ni jicho baya, nawe ukamkataza asimshike mjukuu. Alisimama mlangoni akakujibu taratibu, "Riziki, mi sijue kuloga. Mi najua kupika tu, na hata iyo bwana yako analalamikaka."

Hukucheka. Ulikuwa unaogopa kumzika mwanao.

Ukaondoa ndagala, ukaondoa samaki wote, kisha kwa hofu ukaondoa na mayai. Vipele viliisha, lakini mtoto alikonda hadi mbavu zikahesabika. Ndipo tukaenda kwa muuguzi wa dispensari ya misioni. Hakuuliza nani alimlisha. Aliuliza mtoto alikula nini, kiliandaliwaje, na dalili zilichelewa au ziliwahi. Akatueleza kwamba meno hayavimbishi midomo; dalili zile zile zikirudi upesi baada ya chakula kile kile, ni mwili unaokikataa, hata kama watoto wa jirani wananenepa kwacho.

Lile swali la kuandaa likanipeleka jikoni kwa mama mkwe wako. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akifanya kazi yake ya siku zote. Alitwanga karanga za kutia kwenye sombe ya majani ya muhogo, akakung'uta kinu kwa kiganja, kisha akamimina ndagala mlemle. Hakuna mwanamke wa huku aoshaye kinu katikati ya kazi, maana unga hugandia kwenye maji. Nilimwomba asubiri, nikapitisha kidole ndani na kumwonyesha mafuta ya karanga. Akauweka mchi chini.

"Kumbe ni karanga inanitukanisha," akasema.

Alichemsha ndagala nzima, zisizopita kinuni, kwenye chungu kipya, tukazipeleka dispensari ili mtoto azile mbele ya muuguzi, msaada ukiwa karibu. Wilondja alimeza, akalamba midomo, akanyoosha mkono kutaka nyingine. Tulingoja mpaka jua likapanda juu kabisa. Ngozi yake ilibaki safi. Ukamkabidhi bibi yake mbele ya watu wote, na mlilia nyote wawili.

Samaki wakarudi. Mayai yakarudi. Kila chakula kipya kilikuja peke yake, asubuhi, ili tumtazame mchana kutwa, nawe hukuacha kumnyonyesha. Karanga hatukuzijaribu tena, hata chembe. Muuguzi alituonya kwamba akivimba ulimi au akipumua kwa shida, tusimpe dawa ya majani wala tusingoje mtu, tukimbie kwake.

Basi tazama ushindi wetu. Kwenye harusi ya binamu yako, Wilondja akiwa amekwishakua na kujua kusema, kabla hamjapanda meli kwenda Albertville, shangazi yako alimsogezea sombe. Mtoto akasukuma sahani, akasema haili kwa sababu iko na karanga. Shangazi akamtania kwamba siku hizi amekuwa muzungu, anachagua chakula.

"Si mi nakatala," Wilondja akamjibu. "Ni mwili yangu ndiyo inakatala."

Watu waliangua kicheko, mama mkwe wako akapiga vigelegele kuzidi vile alivyompigia bibi harusi. Mimi nilipiga makofi peke yangu, kama mwalimu ambaye darasa lake zima limefaulu. Yule tuliyeogopa kumzika sasa alikuwa anajilinda kwa kinywa chake mwenyewe.

Furaha hiyo ninayo hadi leo, mwanangu, ila huko Albertville hamjulikani bado. Jirani mwema atampa karanga za kukaanga kwa upendo tu, nawe uko sokoni, naye mtoto ana njaa. Nisalimie mumeo, mkae kwa amani. Na leo, kabla hujawasha moto wa jioni, mshike Wilondja mkono, piga hodi kwa kila jirani, umwambie kwamba mtoto huyu hapewi karanga.

Baba yako