Wanawake Ishirini, Jibu Moja

Jumatatu, 5 Mei
Chai, kompyuta, fomu. Siku ya nne natafuta jaribio la takwimu linalofaa na bado sijachagua. Swali la tasnifu yangu ni fupi: kati ya wanawake wakata miwa wa Ramisi na wakaanga samaki wa Kinondo, nani wana wasiwasi zaidi? Wanawake ishirini kila upande. Nilinganishe wastani, au niyapange majibu kuanzia dogo hadi kubwa nilinganishe nafasi? Kichwa kinaniuma.

Jumanne, 6 Mei
Nimejaribu yote mawili. Yote yanasema Ramisi wametulia kuliko Kinondo, tena kwa mbali. Nimefurahi mno. Nimempikia mama pilau bila sababu.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeyachora majibu ya Ramisi kwenye grafu. Yamerundikana mahali pamoja. Watu hawako hivyo. Mimi na dada yangu hatukubaliani hata juu ya chumvi.

Msimamizi wangu ameuliza jambo moja kwenye simu: kila mwanamke alijibu peke yake? Nikasema ndiyo. Uongo mtupu, wala sikupepesa macho.

Ijumaa, 9 Mei
Ukweli ni huu. Kinondo nilikwenda nyumba kwa nyumba. Ramisi mvua ilinyesha, nikawakusanya wote kwenye kibanda, nikasoma maswali kwa sauti. Kila swali alitangulia Bi Riziki, mkubwa wao: "Hatuna wasiwasi, alhamdulillahi." Wengine: "Andika kama ya Bi Riziki." Nani angempinga mbele za watu? Nami nimelelewa hivyo hivyo, nikaandika.

Kwa hiyo sina majibu ishirini. Ninalo moja. Majaribio yote mawili yanataka kila jibu liwe la mtu mwenyewe. Hakuna la kunitoa hapa.

Jumapili, 11 Mei
Tasnifu inatakiwa Ijumaa. Nikichelewa, sihitimu mwaka huu. Hakuna atakayejua.

Ila ofisi moja ya Matuga inasubiri matokeo yangu iamue mshauri nasaha aende wapi, Ramisi au Kinondo. Yuko mmoja tu. Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi.

Jumatatu, 12 Mei
Nimempigia msimamizi, nimekiri. Akasema nirudi Ramisi, safari hii mmoja mmoja. Mahafali basi. Nimelia kidogo, nikaoga.

Alhamisi, 15 Mei
Ramisi. Kwa adabu nimeanzia kwa Bi Riziki. Shikamoo, marahaba, karibu mkekani. Tulikuwa wawili tu. Nilipofika swali la tatu, kama wasiwasi humzuia kula, akatazama mlangoni kwanza.

"Andika 'kila siku', mwanangu. Lakini wenzangu usiwaambie. Wananitegemea mimi."

Nimeandika. Nikamaliza maswali yaliyobaki, nikaaga, nikaenda nyumba ya pili.