Matabisi Ambayo Mashine Haikuambiwa

Kwako yaya Trésor, kaka yangu mkubwa,

Hadi Jumamosi hii sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama: maelezo ya zana za mashine ya depo, ambayo ukoo mzima ulikusifia, niliyaandika mimi. Yote, isipokuwa sentensi moja. Hiyo ni yako.

Unakumbuka likizo ile, tulivyokaa nyuma ya depo ya tonton, mjomba wangu na baba yako, tukingoja umeme wa bwawa la Tshopo urudi? Ulinifundisha kwa upole. Ulisema wakala wa akili bandia hajui duka wala hajui watu. Tukimuunganisha na programu ya hesabu, tunampa zana: moja ya kusajili mauzo, moja ya kuangalia mali iliyobaki, moja ya kutoa ripoti. Anachokijua juu ya kila zana ni maneno tuliyoandika pembeni yake. Maneno yakiwa mabaya, atafanya vibaya bila kusita.

Ulinichagua kwa sababu nasoma sana na siongei. Nilifurahi mno. Niliandika kila maelezo kwa Kifaransa safi, nikafuta, nikaandika tena. Wewe ulinunua mikate na kunitania: "Mudogo, unaandikia mashine ao unaandikia askofu?" Nilicheka mpaka nikaona haya.

Halafu nikakuuliza kuhusu matabisi, ile nyongeza ya bure. Ulikulia katika depo ile, yaya. Ulijua kwamba mteja akichukua karton ishirini za sabuni, huongezewa moja bure, na kwamba baba yako mwenyewe ndiye aliyeweka desturi hiyo ili wateja wasihamie kwa jirani. Haiandikwi popote. Mtunza depo anaitoa kwa mkono, basi. Na mtunza depo, aliyeajiriwa na baba yako, alikuwa papa yangu.

Nilikuwa nimeandika maelezo ya zana moja zaidi, ya kusajili matabisi. Ukaifuta. Ulisema: "Achana na matabisi. Ile haiko comptabilité, haiko hesabu." Kisha kwenye zana ya ripoti ukaongeza sentensi yako: kitu kikitoka depo bila kuuzwa, kihesabiwe kuwa kimepotea mikononi mwa mtunza depo.

Ukapanda ndege kwenda Kinshasa. Tonton aliwaambia watu wote sokoni kwamba mwanawe ameleta mashine isiyosema uongo.

Wakala alifanya alichoambiwa. Kila mwisho wa mwezi ripoti ilionyesha sabuni zilizopotea, na pembeni jina la papa. Mama aliniambia kwamba tonton, kabla ya kuamua, alikupigia simu mbele yake na kukuuliza kama matabisi imehesabiwa. Ukajibu: "Kila kitu iko ndani, papa." Kusema hivyo kulikuwa rahisi zaidi kwako kuliko kufungua kompyuta.

Tonton alimfukuza papa mbele ya wabeba mizigo. Papa alijaribu kueleza, akakatwa. "Shemeji," tonton alisema, "mashine haina shemeji." Wabeba mizigo walicheka, kwa sababu bosi alikuwa amesema jambo la kuchekesha. Siku hizi mama hasalimiani na kaka yake, na watoto wa mtaa wetu wanamwita papa Monsieur Savon, Bwana Sabuni.

Nilikuandikia ujumbe mara nyingi. Ulinitumia alama ya dole gumba, halafu kimya. Nimetafuta namna ya kukutetea mbele yangu mwenyewe: masomo, foleni za Kinshasa, simu mbovu. Sijapata. Ulinifundisha kwamba maelezo mabaya yanaumiza watu, na ulinifundisha vizuri, ndiyo maana siwezi kusema hukujua.

Basi ujue nilichofanya. Jumamosi nilikwenda depo peke yangu. Nilimwambia tonton kwamba matabisi hazimo, akaniruhusu kukaa kwenye kompyuta. Nilifuta sentensi yako. Nikaandika upya zana ya matabisi, nikaeleza inatumika lini, kwa bidhaa gani, na kwamba si hasara ya mtu. Tukasajili matabisi za wateja wakubwa, tonton mwenyewe akizitaja kwa kumbukumbu, kisha nikamwambia wakala atoe ripoti zote upya. Sabuni zilizopotea zikaisha. Tonton alisoma akiwa amesimama. Mwishowe akasema, "Ambia papa yako arudie kazi kesho kutwa, lundi."

Nilimwomba aseme kwanza, mbele ya wabeba mizigo walewale, kwamba papa hakuiba. Aliwaita, akasema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka.

Nilipofika nyumbani nilimweleza papa kila kitu. Alisema hatarudi, amepata kazi ya kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Tonton alinitumia mtu kuniomba niendelee kuitunza mashine. Nilimrudishia nywila kwenye kipande cha karatasi, nikavaa sare yangu, nikaenda shule.

Kaa salama huko uliko.

Ni mimi, mtoto wa shangazi yako